Chumvi ya Nyama Mbichi

Sogeeni, majirani, na wanaume msikae nyuma. Hadithi hii inawahusu ninyi kuliko wake zenu.

Muuza nyama mmoja aliishi na mkewe na mama yake juu ya bucha lao. Asubuhi yeye alitundika nyama kwenye ndoano, mkewe akasaga nyama ya soseji nyuma ya pazia, redio ikiwaimbia wote wawili. Watu walizifuata soseji zile kutoka mitaa ya mbali. Siri ilikuwa ulimi wa yule mke. Alichota nyama ya kusaga ikiwa mbichi, akaionja, akafumba macho, kisha akasema, "Bado chumvi," au, "Hapo hapo." Hakuwahi kukosea. Wateja wakambandika jina la Mama Chumvi, ingawa mtoto hakuwa naye, na miaka ilikuwa inakwenda.

Hatimaye mimba ikaingia. Muuza nyama alicheza peke yake kati ya mizani na jokofu, mpaka mteja akamuuliza kama ameingiliwa na siafu.

Siku moja Mama Chumvi alirudi kutoka kliniki na uso mzito.

"Mkunga amenikataza kuonja nyama mbichi," alimwambia mumewe. "Ina vimelea, na mjamzito akivipata vinaweza kumfikia mtoto. Na kinyesi cha paka wetu pia nisikiguse."

"Paka niachie mimi," mumewe alijibu upesi, na ahadi hiyo aliitimiza.

"Basi nitakuwa nakaanga kipande, nionje kikiiva."

Mama mkwe, aliyekuwa akishona vifungo mlangoni, aliguna. "Kikiiva utajuaje chumvi ya kibichi? Mimi nimeonja mimba zangu zote. Mtazame mwanangu huyo, ana kasoro gani?"

Muuza nyama akacheka. "Umesikia? Nyama naichagua mwenyewe, mke wangu. Unataka watu waseme bucha langu lina wadudu?"

Ndugu zangu, hapo ndipo nyumba ilipoanza kuvuja. Hakumpiga mkewe wala hakumtukana. Alimcheka tu. Lakini mke ampendaye mumewe, kicheko humshinda kuliko fimbo.

Hata hivyo Mama Chumvi alijaribu. Alikaanga, akaonja, akakisia. Soseji zikatoka na chumvi kupita kiasi, na mteja mmoja akazirudisha mbele za watu. Muuza nyama aliona aibu.

"Onja kama zamani," alimwambia. "Mara hii tu."

Mama Chumvi akachota nyama mbichi, akaonja. Nanyi mnajua "mara hii tu" ilivyo: ikishapata kiti, haiondoki. Kesho yake akaonja tena, na keshokutwa.

Baada ya wiki kadhaa tezi zilimvimba shingoni, na homa ndogo ikamshika. "Mafua hayo, mwanangu," mama mkwe alisema. Muuza nyama akanunua vidonge vya maumivu, homa ikatulia. Siku ya kliniki ilipofika, kulikuwa na oda kubwa ya soseji. "Utakwenda wiki ijayo," alimwambia. Wiki ijayo nayo ikaja na oda yake.

Mtoto alizaliwa wa kike, mzuri wa kutazamwa. Miezi ikapita, wakaona macho yake yanazurura bila kutua popote. Muuza nyama aliwasha tochi mbele ya uso wake. Mtoto hakupepesa.

Hospitali walimpima mama na mtoto. "Ni vimelea viitwavyo toksoplasma," daktari alisema. "Mama aliambukizwa akiwa mjamzito. Ulikula nyama mbichi?"

"Nilionja," Mama Chumvi alijibu, kichwa chini. Hakusema nani alimwambia aonje.

Ukimya ule ulimkata mumewe maini. "Alikatazwa, daktari. Mimi ndiye niliyemrudisha kwenye kuonja. Lakini mama yangu alionja, mbona sisi wazima?"

"Huenda aliambukizwa zamani, kabla ya kushika mimba, mwili ukajikinga. Au alibahatika tu. Mkeo hakubahatika."

"Macho yatarudi?"

"Yaliyoharibika hayarudi. Tutampa dawa tuzuie madhara zaidi. Tungejua mapema, mtoto akiwa bado tumboni, tungeweza kusaidia zaidi."



Siku hizi muuza nyama akifunga bucha hupanda ngazi kimyakimya, akasimama mlangoni, huenda leo binti yake atageuka amwone. Mtoto hageuki. Mpaka amwite, ndipo anapocheka na kunyoosha mikono kuifuata sauti ya baba yake. Kicheko hicho ndicho kinachomliza.

FUNZO

Majirani, nyama iive kabisa kabla haijagusa ulimi wa mjamzito, hata kama anaonja tu. Mikono, kisu na ubao vilivyogusa nyama mbichi vioshwe, na mboga na matunda pia, kwa kuwa udongo hubeba kinyesi cha paka. Paka msimfukuze, hana kosa. Mtu mwingine amsafishie kinyesi kila siku. Homa na tezi katika mimba zipelekwe kliniki, si dukani.

Na mke akirudi na neno la mkunga, usilipime kwa bahati ya mama yako. Kaa chini umsikilize. Mimba ameibeba yeye, lakini mtoto ni wenu wote.