Glovu ya Bluu Juu ya Mlango wa Bibi Winfrida

Bibi Winfrida alikutwa amelala kifudifudi, hatua mbili tu kutoka mlangoni, khanga ameibana puani kwa mkono mmoja. Godoro lilikuwa limeungua upande mmoja na bado linafuka. Jiko la mkaa lilisimama miguuni pa kitanda, makaa yamekwisha kuwa majivu. Nyumba yenyewe haikuungua. Bati zima, milango mizima, hata kalenda ya ukutani nzima. Moshi tu ndio uliofanya kazi.

Inspekta Severina Ntandu alikuwa ametoka Singida mjini asubuhi ile na koplo wake, Amosi, baada ya kupigiwa simu kutoka Ilongero. Alisimama koridoni, kando ya magunia ya alizeti, akainua macho.

"Koplo, hiki nini?"

Juu ya mlango wa marehemu, darini, kulikuwa na kitu cheupe cha mviringo, ukubwa wa kisosi. Kilikuwa kimevalishwa glovu ya bluu ikakazwa mpaka mwisho, vidole vyake vitano vikining'inia kama chuchu za ng'ombe.

"Kengele ya moshi, afande. Ikisikia moshi inapiga kelele. Wameiziba mdomo."

"Piga picha. Halafu ivue polepole, uiweke kwenye bahasha ya vielelezo."

Glovu ilipotoka, kengele ikalia. Ndani ya nyumba mlikuwa bado na moshi. Ililia kwa sauti ya kutoboa masikio, na wanawake waliokaa uani wakaangua kilio upya, maana sasa kila mtu alielewa. Kengele ilikuwa nzima. Usiku kucha ilikuwa nzima.

Nyumbani hapo walikuwa wanalala watu watatu tu: marehemu, mkwewe Felista, na mtoto wa Felista wa miezi mitano, Happiness. Mume wa Felista, Melkizedeki, alikuwa kazini mgodini, huko Geita.

Inspekta akamkalisha Felista kwenye kigoda nyuma ya nyumba. Binti wa miaka ishirini na minne, macho mekundu, mtoto yuko kifuani ananyonya.

"Nani aliingiza jiko chumbani?"

"Mimi, afande."

"Saa ngapi?"

"Jua likizama. Mama alisema baridi inamuingia kwenye mifupa. Si unaujua upepo wa huku mwezi wa saba? Nikamwambia, nikimaliza kuosha vyombo nalitoa. Akasema, liache, mwanangu, leo nipate joto."

"Ukaliacha."

"Nikaliacha." Akafuta pua kwa kitenge. "Mimi na mtoto tunalala chumba cha mwisho. Nimeamka alfajiri nasikia harufu. Kufungua mlango wake, moshi umenipiga usoni kama mtu."

"Kengele hukuisikia?"

"Haikulia."

"Glovu nani aliivalisha?"

Felista akaangalia chini. Mtoto akaacha titi, akamtazama inspekta, akalirudia.

"Sijui, afande."

"Unalala humu, unapita chini yake kila siku, hujui?"

"Sijui."

Severina alikuwa na miaka kumi na sita kazini. Uongo alikuwa anaujua kama mama anavyojua homa ya mtoto kabla hajamgusa paji. Binti huyu alikuwa anadanganya, na kwa neno hilo moja tu.

Majirani hawakusubiri kuulizwa. Walisema kengele hiyo iliwatia wazimu tangu Melkizedeki alipoileta mwezi wa nne. Jikoni ni mlango wa pili kutoka chumba cha bibi. Uji ukichemka, inalia. Mafuta ya maandazi yakipata moto, inalia. Mtu akifagia vumbi, inalia. Mara ya kwanza watu walikimbia na ndoo na mchanga. Mara ya tatu walikuja wanatembea. Mara ya sita walikuja kucheka.

"Tulikuwa tunaliita yai la Melki," alisema mama mmoja. "Limetagwa darini, linalia kabla halijaanguliwa."

"Na marehemu?"

"Aah, maskini! Ana presha yule. Likilia anatoka mbio kifua wazi, anatetemeka. Alimwambia huyo mkwewe, lizime. Mkwe akakataa. Akasema mume wangu kakataza, asiliguse mtu. Walikuwa wanatupiana maneno kila siku."

Amosi akapekua chumba cha Felista. Kwenye begi alilokwenda nalo kujifungua akakuta glovu. Akaandika kwenye orodha ya upekuzi: glovu, jozi mbili.

Jioni ripoti ya daktari ikaja. Masizi kooni mpaka kwenye mapafu. Hakuna jeraha. Marehemu alivuta moshi akiwa hai, akainuka, akatafuta mlango. Kwa maneno mengine, angeamshwa mapema kidogo angetoka kwa miguu yake.

Kesho yake saa saba mchana Melkizedeki akaingia kituoni, suruali ya kazi, vumbi la safari mpaka kwenye kope. Mwanaume mrefu, mpana. Hakukaa.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Pole na msiba, kaka."

"Mama yangu ameuawa. Nimeambiwa jiko aliingiza mke wangu, glovu zimekutwa kwenye begi la mke wangu. Unangoja nini?"

"Unamtuhumu mkeo?"

"Nani mwingine alikuwa ndani?" Sauti ikapanda, kisha ikapasuka katikati. "Nilimnunulia mama kengele ili asife hivyo. Ndiyo sababu niliinunua!"

Ndugu wa marehemu walikuwa wamejaa nje ya kituo. Mtu mmoja alisema mwanamke huyo akirudi kijijini watamchoma kwa mkaa uleule. Severina akafanya alichodhani ni busara. Akamweka Felista mahabusu, yeye na mtoto wake, kwa tuhuma za mauaji, huku jalada likiandaliwa. Shauri kama hilo halina dhamana. Akipelekwa mahakamani na kutoka hapo rumande, Happiness angejifunza kutambaa kwenye sakafu ya gereza.

Felista hakupinga. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Baba Happiness amefika?"

"Amefika."

"Amesema nini?"

Inspekta akashindwa kumtazama. "Amesema ni wewe."

Felista akainuka. Akamfunga mtoto mgongoni, akaingia ndani mwenyewe bila kushikwa mkono.

Siku ya tatu Severina alikwenda hospitali kusaini karatasi za kuruhusu mwili ukazikwe. Muuguzi wa zamu alikuwa anavaa glovu. Nyeupe, nyepesi, ya kukatika hovyo.

"Sista, hizi ndizo wajawazito wanazoambiwa walete?"

"Ndizo hizi. Dukani zimejaa."

"Za bluu, nene, zenye vinundu vya kushikia vidoleni?"

Muuguzi akacheka. "Hizo si za kuzalishia, dada yangu. Hizo za mafundi. Za grisi."

Inspekta alirudi kituoni anakaribia kukimbia. Akamwaga bahasha za vielelezo mezani. Za kwenye begi la Felista: nyeupe, ndogo. Ya darini: bluu, nene, ingemmeza Felista mkono mpaka karibu na kiwiko.

"Koplo, kwenye orodha uliandika glovu. Rangi hukuandika."

Amosi akaichungulia orodha. "Glovu ni glovu, afande."

"Na mimi nikasaini." Akakaa. Kwa neno moja lililokosa rangi, mtoto wa miezi mitano alikuwa amelala usiku mzima kwenye simenti.

Akachukua tochi na kioo cha kukuzia. Nje ya glovu palikuwa na masizi. Chini ya masizi, vumbi la rangi ya majivu lenye vipande vyeusi vidogo. Akavibana kwa kibano, akamwonyesha Amosi.

"Makapi ya alizeti, afande."

"Kwa hiyo glovu ilikuwa imeshavalishwa alizeti ilipoingizwa ndani. Waliingiza lini?"

Waliliacha gari barabarani wakaingia msibani kwa miguu kumtafuta Mzee Simeoni, mdogo wa marehemu, ambaye majirani walisema ndiye aliyesaidia kubeba magunia. Walimkuta anapasua kuni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja kuzika au kuchukua mwingine?"

"Kuuliza, baba. Alizeti ya marehemu iliingizwa ndani siku gani?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita. Melki alikuwa likizo, tulibeba wote."

"Felista alikuwepo?"

"Hakuwepo. Alimpeleka mtoto kliniki. Muulizeni kadi yake, si wanagonga mhuri?"

"Vumbi halikuisumbua kengele?"

Mzee akaacha shoka. "We! Gunia la kwanza tu, dude likaanza kupiga yowe. Melki akapanda juu ya hilo gunia, akachomoa glovu mfukoni, zile za kazini kwake. Akalivalisha. Kimya! Tulicheka siku hiyo mpaka dada yangu akakaa chini."

"Baba, kwa nini hukusema toka juzi?"

"Mliniuliza nini nyinyi? Mliniuliza kama mkwe alikuwa na mdomo mchafu. Nikajibu nilichoulizwa." Kisha uso wake ukabadilika polepole, kama mtu anayeona nyoka baada ya kumkanyaga. "Kwani aliiacha? Hakuivua? Nilidhani mliyoikuta ni nyingine."

Melkizedeki aliitwa kituoni saa tisa. Alikuja na ndugu wawili, inspekta akawaacha nje. Glovu ya bluu ilikuwa mezani.

"Una haki ya kutosema neno," Severina alimwambia. "Ukisema, litaandikwa na litatumika mahakamani. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Hii unaijua?"

Melkizedeki akageuza uso dirishani.

"Mjomba wako anaijua."

Mikono ya Melkizedeki, mikubwa, yenye makovu ya vyuma, ilisogea kuelekea glovu, ikarudi magotini.

"Nilitaka kuivua jioni ileile," alisema. "Haki ya Mungu, afande. Kule kazini ndivyo tunavyofanya. Vumbi likiwa jingi unafunika, ukimaliza unafunua."

"Hukufunua."

"Asubuhi mama aliamka anacheka. Ananiambia, mwanangu, leo nimelala. Toka mwezi wa nne sijalala hivi. Umelitengeneza?" Akafuta uso kwa bega. "Nikasema ndiyo."

"Ukasema umeitengeneza."

"Kijiji kizima kilikuwa kinanicheka. Yai la Melki! Niliinunua kwa mshahara wangu nikitamba mbele yao, nikawaambia asiiguse mtu, mtaiharibu. Halafu mama ananiombea baraka, ananishika kichwa. Ningemwambiaje kwamba sijatengeneza, nimeiziba tu? Nikasema nikirudi likizo nyingine nitaleta nzuri."

"Jiko lilikuwa linaingia chumbani kabla ya hapo?"

Hili ndilo lililomvunja. Akainama mpaka paji likagusa meza.

"Halikuwa linaingia. Alikuwa anaota moto nje, anaogopa kelele. Nilipomwambia imepona, akaona sasa ruksa. Akasema limetuzoea, kama mbwa anavyozoea wageni. Mimi ndiye niliyeingiza jiko, afande. Nikiwa Geita."

Amosi aliyekuwa anaandika akaweka kalamu chini kidogo. Mbele yake palikuwa na karatasi ya maelezo iliyokutwa kwenye boksi la kengele, ya Kiingereza na Kichina. Alikuwa ameisoma kwa shida usiku uliopita. Ilisema isiwekwe karibu na jiko, na ipanguswe vumbi kila mwezi. Basi. Kuihamisha mita chache upande wa sebuleni, na kitambaa kikavu. Mama unayesoma hapa, kelele za ovyo za chombo hicho zinachosha, hilo kweli, lakini kihamishe, kisafishe, kibadilishe betri, kirudishe hata dukani, ila usikizibe, na mtu akikwambia kimepona mwambie akujaribishie ukisikie.

"Na mkeo?" Severina aliuliza. "Ulikumbuka lini?"

"Niliambiwa kwenye simu kengele haikulia. Nilidhani betri. Basi lilipofika Misigiri ndipo glovu ikanijia. Nikatamani dereva apinduke." Akainua uso. "Niliposhuka, watu walinipokea wakisema ni Felista. Wote. Nikaona wameshaamua. Nikafuata. Mtu aliyemuua mama yake anakwenda wapi, afande? Niambie. Anakaa wapi?"

Severina akainuka, akatoka nje. Alimpigia simu mkuu wa upelelezi, naye akapiga kwa wakili wa serikali. Jibu lilirudi kavu: mshikilie, mwanamke mfungulie, kama ni kuua bila kukusudia au ni uzembe tutaamua tukisoma jalada. Sheria ingetafuta jina la kosa. Bibi Winfrida angezikwa kesho saa nane, jina lipatikane lisipatikane.

Felista alitolewa mahabusu. Happiness alikuwa anakohoa. Inspekta akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akamweleza yote, na hakumficha kitu. Felista alisikiliza akimpigapiga mtoto mgongoni.

"Wewe ulijua," Severina alisema.

"Niliporudi kutoka kliniki nikaiona. Nikamuuliza, akasema ndivyo inavyotengenezwa. Nikaamini. Mimi nimeishia la saba, yeye ndiye anayejua vyuma."

"Nilipokuuliza ukasema hujui. Ungeniambia siku ya kwanza usingelala humu!"

"Mama hajazikwa, afande. Nimtaje mwanaye polisi, mimi mtoto wa watu?" Akamfuta mtoto kamasi. "Na nilijua anakuja. Nilikuwa namsubiri aseme mwenyewe."

Mlango wa pili ukafunguliwa. Amosi alikuwa anampitisha Melkizedeki, mkanda umevuliwa, viatu mkononi. Walipokutana uso kwa uso mwanaume alisimama. Mtoto akamtambua, akanyoosha mikono kwa baba yake.

Felista akamgeuza mtoto, akamlaza bega la pili.

"Nitakupeleka nyumbani na gari," Severina alisema haraka. "Nitasimama mbele ya msiba niwaambie watu ukweli."

"Watakusadiki wewe, afande, ukiwa umesimama pale. Ukiondoka, watasema nimemroga mume wangu mpaka akajitaja." Akasimama, akatafuta kandambili zake chini ya kiti. "Lakini twende. Maji ya wazikaji nani atawachotea?"