Kizimba cha Kiema

Rafiki yangu Ndeti alistaafu ukalimani wa mahakama mwaka 1984. Siku moja mchana alipeleka pingu za zamani kwenye makumbusho madogo ya mji wa Wote, penye maonyesho ya uhalifu na haki. Kaluki, mlinzi wa mlangoni, alimtania: "Mzee, leo umejileta na pingu zako!"

Ndani mlikuwa na giza. Mbele yake kilisimama kizimba cha mahakama aliyokuwa akifanyia kazi. Humo mshtakiwa mmoja, Kiema, aliwahi kusema kwa Kikamba, "Sikuiba ng'ombe." Ndeti, akimpendelea mkwewe aliyeibiwa ng'ombe hao, alimwambia hakimu, "Anakubali aliiba." Kiema alifia jela.

Mbao za kizimba zikalia. Sauti ya Kiema ikasema yale yale kwa Kikamba. Nyingine ikafuata kwa Kiswahili: "Sikuiba ng'ombe." Ilikuwa sauti ya Ndeti, na midomo yake alikuwa ameifumba.

"Mzee," Kaluki akaita kutoka mlangoni, "unamtafsiria nani?"