Mkate Uliokataa Kuumuka

Kila asubuhi Dereva alifungua duka lake la mikate akitabasamu. Kila jioni alilifunga akiwa amenuna.

Watu walimwita Dereva kwa sababu aliendesha lori miaka mingi. Kisha akaona mikate ya mtaa wa pili inavyogombewa. Akauza lori, akanunua tanuri, akaanza kuoka.

"Mkate ni unga na maji tu," alimwambia mkewe. "Wewe kaa mbele, uza."

Mikate ikatoka migumu, imesinyaa. Mteja mmoja aliugonga wake mezani. Ko! Ko! Ko!

"Huu ni wa kula au wa kujengea?"

Watu wakacheka. Dereva naye akacheka, lakini moyo ulimuuma. Wateja wakapungua, hata akaanza kutafuta mtu wa kununua tanuri.

"Kabla hujaliuza, tumwite jirani," mkewe akasema.

Jirani huyo alikuwa mama aliyeshauri wenye biashara ndogo. Kazi yake ilikuwa imemfikisha nchi nyingi. Alikuja, akaketi juu ya gunia la unga, akaonja mkate. Akatafuna, akatafuna.

"Shemeji," alisema mwishowe, "uliwahi kufanya kazi ya kuoka?"

"Hapana."

"Ulimwuliza anayeijua?"

"Niulize nini, na mikate naila kila siku?"

"Wanunuzi wako wanataka mkate saa ngapi?"

Dereva akakuna kichwa. Mikate yake ilikuwa tayari watu wakiwa wameshakwenda kazini.

"Si wewe peke yako," jirani akamwambia. "Nimekutana na fundi viatu kwenye nchi ya theluji, na muuza mboga kisiwani. Hata lugha zao hazifanani. Lakini walijikwaa palepale. Walianza bila uzoefu, bila mpango, bila kuuliza."

Akilini Dereva alimwona mtu asiyemjua, upande wa pili wa dunia, amesimama kwenye duka tupu kama yeye.

"Na waliofanikiwa?"

"Mtaji husaidia, na bahati nayo ipo. Hakuna dawa ya uhakika. Ila wengi walikuwa na mtu anayeijua kazi. Hapa nani aliwahi kuoka?"

"Mimi," mke akajibu taratibu. "Kabla hatujaoana, nilioka kwenye kiwanda cha mikate."

"Mbona hukusema?" Dereva akauliza.

"Nilisema. Ukaniambia mkate ni unga na maji."

Jirani akakohoa ili asicheke.

Alfajiri iliyofuata, Dereva alikaa kando, akatazama. Mkewe alikoroga hamira kwenye maji ya uvuguvugu, akakanda unga, akalifunika donge kwa kitambaa.

"Tuliache lipumzike."

"Lipumzike? Limefanya kazi gani?"

"Ndiyo kwanza linaanza kazi. Subiri."

Alipolifunua, donge lilikuwa limefura hadi ukingoni mwa beseni, laini kama shavu la mtoto. Dereva aliligusa kwa kidole. Miaka yote hiyo ameishi na fundi nyumba moja!

Wakapanga upya. Mke aoke mapema. Dereva, aliyejua madereva husimama wapi asubuhi, awapelekee mikate ya moto kwa baiskeli. Madereva wakaagiza, wakawaambia wenzao. Baada ya miezi michache, rafu zilikuwa tupu kabla ya adhuhuri, na hakuna aliyezungumzia tena kuuza tanuri.

Siku moja Dereva alirudi na kapu tupu. Akasimama mbele ya beseni.

"Mke wangu, nifundishe kukanda."

Mkewe akamtazama, akatabasamu.

"Nawa mikono kwanza."