Kitabu Alichokiacha Katikati

Mtoto wa kwanza kuyumba alikuwa Sun-dol, wa dawati la mbele. Mwalimu Tae-gyu alidhani ni usingizi. Hakuwa amemaliza hata mwezi tangu atoke chuo cha ualimu Seoul, sare bado ina harufu ya dukani, na kiunoni upanga ambao Wajapani, watawala wa Korea siku hizo, waliwavisha walimu wote, wake ukiwa haujawahi kuchinja hata kuku. Akamkemea kwa Kijapani. Mtoto hakusikia. Alizidi kwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, midomo ikicheza bila sauti.

Kesho yake waliyumba sita. Siku ya nne likayumba darasa zima, na chumba kikajaa harufu ya wino na tumbaku kali, wala hapakuwa na mvutaji. Watoto wakaacha kula. Sun-dol alibaki mifupa. Mama yake akimtilia uji mdomoni, ulimwagika kifuani.

Tae-gyu aliijua harufu ile. Akaenda kwa mganga, Bi Gannan, akipitia mlango wa nyuma, maana mwalimu wa serikali akionekana huko kazi hana.

"Ni mzee Pyo," Bi Gannan alinong'ona. "Si Wajapani walimfungia darasa lake ili watoto waje kwenu? Kafa kwa kihoro. We mwanangu, yeye ndiye aliyekufundisha kusoma. Ulimuaga ulipokwenda Seoul?"

"Sikumuaga. Niliondoka kitabu kikiwa katikati."

"Basi kawashika watoto wako wakisome badala yako, wakiyumba kama mlivyoyumba mkisoma kwake. Msujudie palepale darasani, mbele ya watoto, ukimalize kitabu mwenyewe."

"Kesho anakuja mkaguzi, mama. Akiniona namsujudia maiti nitafukuzwa, na nyumbani wote wanakula kwangu."

"Na Sun-dol je, unadhani ataifikia keshokutwa?"

Lisilo budi hutendwa. Asubuhi mkaguzi alikaa nyuma na daftari lake, na Tae-gyu, watoto arobaini wakiyumba mbele yake, alifungua upanga kiunoni, akaulaza chini, akapiga magoti mbele ya kiti kitupu cha mwalimu, akagusa sakafu kwa paji la uso, akasema kwa Kikorea, "Mwalimu, nimerudi."

Watoto wakatulia. Sun-dol akaanza kulia, akisema ana njaa. Mkaguzi alikuwa amesimama akifoka, lakini Tae-gyu hakujali. Alitokwa na machozi ya furaha. Kazi imekwenda, watoto wamepona.

Akataka kuinua kichwa. Hakikuinuka.

Harufu ilimshukia kisogoni, na fimbo nyembamba ikamgusa mgongoni, polepole, kama enzi za utoto wake, na sauti ambayo hakuna mwingine aliyeisikia ikasema, "Endelea ulipoishia."

Akatafuta kichwani. Nyimbo za kumsifu mfalme wa Japani zilikuwamo. Hesabu zilikuwamo, namna ya kupiga kinanda, namna ya kupiga saluti, yote aliyofundishwa chuoni yalikuwamo, yamepangika vizuri. Akatafuta tena, jasho likidondoka sakafuni. Katika kile kitabu hakukumbuka hata neno moja.

Fimbo ikatoka mgongoni, ikapanda juu.