Wanasesere wa Mama Fumie na Mvua ya Machi

"Leo haiwezekani. Angalia dirishani," Mama Fumie alisema bila hata kugeuka. "Hewa imejaa unyevu. Nikiwafunga leo wataota ukungu."

Wakana alitupa mkoba wake sakafuni. Ilikuwa Jumapili, tarehe ishirini na mbili Machi, na wanasesere walikuwa bado wamekaa sebuleni kwenye ngazi zao tano za kitambaa chekundu. Mfalme na malkia juu, wapiga muziki katikati, wote wakimtazama kama wapangaji waliogoma kuhama. Nyumba nyingine zote za mtaa ule zenye mabinti zilishawarudisha sandukuni tangu tarehe nne, siku moja baada ya sikukuu ya mabinti, maana binti ambaye wanasesere wake wanachelewa kuondolewa, naye huchelewa kuolewa. Wakana alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Kuchelewa alikuwa anakuweza mwenyewe, bila msaada wa mtu.

"Mama, juzi jua liliwaka."

"Juzi nilikuwa na kliniki ya macho."

"Na Jumanne?"

"Jumanne lilitoka saa nane mchana. Saa nane ndiyo saa ya kuanza kazi kama hii? Kila mmoja anafutwa vumbi, anafungiwa karatasi yake usoni, vifaa vyake vinawekwa pembeni. Hukumbuki?"

"Basi Shunpei aje hivyohivyo kesho jioni. Wao wakae hapo, sisi tukae hapa, tuongee."

Mama Fumie ndipo akageuka, kitambaa cha vumbi mkononi.

"Mwanaume aje kukuposa mbele ya wanasesere waliochelewa? Unatafuta nuksi ya namna gani, Wakana? Wafungwe kwanza, kisha aje."

Sasa hapo, msomaji, mtu analia au anacheka? Mchumba haji mpaka wanasesere wafungwe. Wanasesere hawafungwi mpaka mvua ikatike. Na Kanazawa, huku Japani, mwezi wa tatu mvua haikatiki, hilo hata paka wa jirani analijua. Mara nne sasa Shunpei Nojiri alikuwa amepewa siku, akanyoosha suti, akanunua zawadi, na mara nne amepigiwa simu kwamba asije. Na tarehe mosi Aprili ofisi yake ilikuwa inamhamishia Matsuyama, ng'ambo ya maji kule kusini. Alitaka kuondoka akiwa na mke, au angalau na neno la mama mkwe.

Wakana alitoka kibarazani akampigia.

"Amesemaje?" Shunpei aliuliza.

"Mvua."

"Lakini mama ana hoja. Zile nyuso hupakwa unga wa maganda ya chaza, zikipata unyevu zina..."

"Shunpei."

"Naam."

"Hivi wewe uko upande wa nani?"

"Siko upande wowote. Nasema tu kitaalamu..."

"Mimi naozea humu ndani, wewe unanieleza afya ya wanasesere?"

"Punguza sauti, mama atasikia."

"Namtaka asikie. Nimechoka. Yeye anaangalia mawingu, wewe unamwangalia yeye, na mimi hakuna anayeniangalia. Njoo kesho. Bisha hodi, ingia, sema."

"Siwezi kuingia nyumba ya mtu aliyeniambia nisije. Hii ni mara ya nne, Wakana."

"Ndiyo, ni ya nne."

"Nimeelewa," alisema, kwa sauti ya chini sana.

"Umeelewa nini?"

"Basi tu. Nimeelewa."

Simu ikakatika. Wiki nzima iliyofuata kila Wakana akimpigia alijibiwa kwa ujumbe mfupi: kazi nyingi, nafunga vitu, tutaongea.

Jumamosi asubuhi mjumbe wa vifurushi akagonga mlango. Boksi la keki za maharage, limefungwa kwa karatasi nzuri, na barua juu yake. Mama Fumie alivaa miwani akaisoma kwa sauti.

"Mheshimiwa Mama Fumie. Baridi inaondoka na maua ya plamu yamechanua. Naomba radhi kwa kukusumbua mara nne katika msimu wenye shughuli nyingi. Nimelielewa jibu lako, na nakushukuru kwa kunijibu kwa upole. Nawatakia afya njema wewe na Wakana."

Kabla hajaikunja, simu ya Wakana ikalia. Ujumbe.

"Jibu la mama nimelipata.
Mara nne zinamtosha mtu mwenye akili.
Asante kwa miaka hii mitatu.
Jitunze."

Wakana aliusoma mara mbili. Kisha akaisukuma simu mezani mpaka ikagonga kikombe cha mama yake.

"Soma."

Mama Fumie alisoma.

"Jibu gani? Mimi sijamjibu kitu."

"Ndiyo hilo, Mama. Hujamjibu kitu."

"Nilisema ni mvua. Na mvua si hiyo hapo?"

"Yule muuza magazeti akija mlangoni na hutaki gazeti lake, huwa unamwambiaje?"

Mama Fumie akatazama chini. "Namwambia nitafikiria."

"Akirudi?"

"Namwambia labda mwezi ujao."

"Na yeye anaelewaje?"

Mama aliivua miwani.

"Basi na Shunpei ameelewa kama muuza magazeti," Wakana alisema. "Jumatatu anapanda treni. Niambie ukweli mara moja tu katika maisha yako. Humpendi? Hutaki niolewe? Sema hutaki, nijue moja."

Mama Fumie alinyanyuka, akaenda kwenye ngazi za wanasesere, akaanza kuinyoosha kofia ya mpiga ngoma ambayo wala haikuwa imepinda.

"Chai yako inapoa," alisema.

Wakana akachukua mwavuli akatoka. Mlango aliubamiza, na kwa nyumba ile hilo lilikuwa tusi zito.

Alizunguka mvuani mpaka jioni. Alijua pa kumpata Shunpei, kama mama yake alivyojua. Kila Jumamosi jioni alijitolea kwenye ukumbi wa mtaa, ghorofa ya pili, kuwafundisha wageni desturi za nchi: namna ya kuvua viatu, namna ya kupokea zawadi, nini usifanye na vijiti vya kulia. Hakuna jambo alilokosa maelezo yake. Wakana aliposukuma mlango, wanafunzi kumi na mmoja walikuwa wanaandika, na mwalimu alikuwa ubaoni.

"Mtu wa huku akikwambia 'ni vigumu kidogo'," Shunpei alikuwa anasema, "usimuulize ni vigumu kiasi gani. Ameshakukatalia. Kuendelea kumng'ang'ania ni kumkosea adabu."

"Na akisema mvua?" Wakana aliuliza kutoka mlangoni.

Vichwa kumi na kimoja viligeuka. Chaki ikasimama ubaoni.

"Wakana. Tuko darasani."

"Naona. Wageni unawaeleza mpaka njia ya kushika kikombe. Mimi nimetumiwa mistari minne."

"Tutoke nje tuongee."

"Tubaki. Si wamekuja kujifunza desturi zetu? Wajifunze. Hivi ndivyo mwanamke anavyoachwa huku kwetu: bila ugomvi, kwa boksi la keki."

"Sijakuacha. Nimemheshimu mama yako. Alikataa mara nne, ningefanyaje?"

Mwanamke mmoja wa mbele akainua mkono. Aliitwa Marivic, Mfilipino aliyekuwa akihudumia wazee kwenye nyumba ya malezi, na daftari lake lilikuwa limejaa kuliko ya wenzake wote.

"Samahani, mwalimu. Kwani huyo mama ulimuuliza?"

"Jambo kama lile huwezi kumuuliza mtu moja kwa moja."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ukimuuliza unamlazimisha ajibu."

"Si ndiyo kazi ya swali?"

Darasa likacheka. Shunpei hakucheka. Aliiweka chaki chini, akajifuta vidole, akajifuta tena.

"Niliogopa," alisema. "Mara ya kwanza niliamini ni mvua. Mara ya tatu nikaanza kusikia hapana. Nikasema nikimsubiri aitamke, sitaweza kuibeba. Heri niielewe mwenyewe."

"Na mimi?" Wakana aliuliza. "Mimi nilikwambia hapana lini?"

"Hukuniambia."

"Unanipenda au hunipendi? Na usinieleze chochote. Nijibu."

"Nakupenda. Wiki nzima sijala chakula cha maana."

Wakana alikuwa bado anamtazama pale ngazi za nje zilipoanza kulia kwa hatua, polepole, hatua za mtu mwenye magoti mabovu. Mama Fumie akaingia. Aprani hakuivua, nywele zimelowa upande mmoja, na harufu yake ya dawa ya nondo ilijaa chumba kizima.

"Nimewafunga," alisema.

"Mama, mvua inanyesha."

"Naiona."

"Wataota ukungu."

"Acha waote."

Marivic akampisha kiti. Mama Fumie akakaa, akaweka mikono magotini, akamwangalia Shunpei.

"Bwana Nojiri, una mwandiko mzuri. Lakini ulichoelewa sicho. Sikuwa nakukatalia. Nilikuwa kila asubuhi nikiamka, nikisikia mvua inapiga paa, nafurahi. Baba yake amekufa miaka sita sasa. Tumebaki wawili. Nikajiambia wanasesere wakikaa, na yeye atakaa. Mtu mzima na nywele zangu nyeupe, nilijiambia hivyo."

Wakana alikuwa amekuja na hasira ya mwezi mzima na alitaka kuimaliza yote. Alimtazama mama yake kwenye kile kiti kidogo akashindwa kujua aanzie wapi. Alimwonea huruma, na bado alikuwa amekasirika.

"Ungeniambia, Mama."

"Ningekuambia ungebaki. Nakujua." Kisha kwa Shunpei: "Sasa uliza. Uliza kama hawa wageni wanavyouliza."

Shunpei akasimama wima, akainama mpaka kiunoni.

"Mama, pamoja na hali ya hewa ya siku hizi..."

"Shunpei," alisema Wakana.

"Bwana Nojiri," alisema Mama Fumie papo hapo.

Akaanza upya.

"Naomba kumuoa Wakana. Naomba twende naye Matsuyama."

Mama Fumie akatamka neno ambalo Wakana, katika miaka thelathini na mitatu, hakuwahi kumsikia akimwambia mgeni.

"Sitaki."

Shunpei alibaki ameinama. Wakana akafumba macho.

"Sitaki aende mbali," mama aliendelea. "Sitaki kupika wali wa mtu mmoja. Sitaki kusalimiana na redio. Nikikwambia nataka, nitakuwa naongopa, na leo mmetaka ukweli." Akajifuta uso kwa pindo la aprani. "Mchukue. Na kila mkija kuzuru kaburi la baba yake mkae wiki nzima, siyo siku mbili za kutazama saa."

Hakuna aliyejua afanye nini. Shunpei hakujua kama anyanyuke au aendelee kuinama. Wakana alikuwa ameshika bega la mama yake na analia bila kujificha. Kule mbele, polepole, mkono wa Marivic ukapanda tena, kalamu imeshikwa tayari.

"Mwalimu, samahani. Hiyo ni ndiyo au ni hapana?"

Shunpei alifungua mdomo aeleze, akakosa la kueleza. Mama Fumie ndiye aliyegeuka kwenye kiti chake.

"Ni ndiyo, mwanangu," alimwambia. "Andika."