Viti Viwili vya Nyuma

Jumamosi moja ya Oktoba 2007, saa mbili asubuhi, Cosmas alifungua gari lake jipya la safari, lenye kitanda ndani, mbele ya nyumba yao huko Columbia, Marekani, akakuta viti viwili vya nyuma havipo. Redio ipo. Televisheni ipo. Hata jiko la gesi lipo. Mwizi gani huyu, jamani?

Hakuita polisi. Alimwita jirani yao Chelagat, aliyewahi kuwa mpelelezi Eldoret na sasa ni mlinzi wa ofisi mjini Washington. Chelagat alikuja na kikombe chake cha chai mkononi.

"Mzee Cosmas, hii si ile gari kubwa."

"Ile tumeiuza. Kila safari ilijaa watu: kwaya, mashemeji, wageni kutoka Arusha. Watoto wamekua, nikamwambia Mama Fidelis tununue dogo la dizeli, la sisi wawili."

"Na leo mnaenda na nani?"

Cosmas alijikuna kichwa. "Milima ya Shenandoah, na Elisante na mkewe. Aliniomba kanisani, ningemkataliaje?"

Dorothea, mkewe, ndiye huyo Mama Fidelis, muuguzi wa zamu za usiku, alipita na kapu la chakula. Chelagat alichungulia ndani ya kapu.

"Key iko kwa nani?"

"Kwetu. Na Mutai, fundi wa Langley Park! Alikaa na gari tangu Alhamisi." Cosmas alikuwa ameshamhukumu. "Ni yeye tu!"

Chelagat alimpigia Mutai.

"Mimi? Aii, zi, si mimi! Niliservice engine tu. Jana jioni nikarudisha gari na viti zote, key nikampatia Mama Fidelis."

Cosmas alizidi kuchanganyikiwa. Chelagat alipiga magoti. Matundu ya boliti sakafuni yalikuwa yamezibwa kwa pamba na plasta nyeupe, kingo zimekunjwa vizuri. Akanyanyuka.

"Mwizi hazibi matundu ndio mwenye gari asisikie baridi. Hii plasta ni ya hospitali. Halafu safari ni ya watu wanne, lakini kapu iko na vikombe viwili. Mama Fidelis, viti ziko wapi?"

Dorothea aliweka kapu chini. "Gereji, nyuma ya friji. Nilivifungua jana, Baba Fidelis akiwa mazoezi ya kwaya."

"Wewe?" Cosmas alimtazama kana kwamba hamjui. "Kwa nini usiniambie?"

"Nilikuambia mara tatu! Ukasema watu watatuonaje. Miaka kumi na tisa nchi hii, mimi usiku, wewe mchana, tunapishana mlangoni kama wapangaji. Uliponunua gari hili nililia kwa furaha. Jumapili yake ukagawa viti." Alimgeukia. "Nakutaka mume wangu, basi."

Cosmas aliona aibu. Wakati huohuo Elisante na mkewe wakashuka kwenye gari lao na mablanketi.

"Viti vimeibiwa," Cosmas akawahi kusema.

"Poleni sana! Lakini si kuna kitanda? Sisi tutakaa hapo."

Dorothea alianza kurudi ndani. Cosmas alimshika mkono.

"Elisante, ndugu yangu, nisamehe. Hakuna aliyeiba. Mimi na mke wangu tunakwenda wawili."

"Wawili?" Elisante aliduwaa kwelikweli. "Mtafanya nini huko, wawili?"

"Sijui," alisema Cosmas, akilinyanyua kapu. "Hatujawahi kwenda peke yetu."