Bomba la Shaba Migombani

Taa iliwaka huku kibonyezo kikiwa mfukoni mwa Gideoni.

Haikuwaka sana. Iliwaka kidogo, ikazima, ikawaka tena, na Gideoni akaendelea kunywa uji wake akijiambia kwamba mashine mpya ni kama ndama, lazima irushe mateke kwanza. Wakati wa vita alikuwa fundi wa redio za jeshi kule Nairobi. Sasa, vita imekwisha na Mwingereza angali anatawala, alikuwa amejifungia katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mama yake, juu huko Mbaga, akiunda amplifaya, mashine inayochukua nguvu ndogo ya redio na kuikuza ivuke milima ya Upare. Aliyeiagiza alikuwa bwana mifugo wa Same, Mzungu mwenye leseni ya kuzungumza na watu wa nchi za mbali kwa kujifurahisha tu, ambaye redio yake ilikuwa inafika Moshi kwa taabu na kuishia hapo.

Gideoni mwenyewe hakuwa na leseni, na hakuruhusiwa kurusha hata neno moja hewani. Kwa hiyo, mahali pa waya wa hewani alifunga taa ya kawaida, ili nguvu yote ya mashine iishie pale. Akibonyeza kibonyezo, taa inawaka. Akiachia, inazima. Umeme aliupata kwa ndiva, lile bwawa la ukoo linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi watu wamwagilie kwa zamu. Zamu ya nyumba yao ikifika, maji yalizungusha kwanza gurudumu lililofungwa dainamo ya lori, ndipo yaende shambani. Majirani walisema maji yaliyopita kwenye umeme yatababua maharage. Maharage yalipostawi, wakatafuta lalamiko jingine.

Kilichobaki kilikuwa waya wa ardhini. Mashine kubwa hutaka bomba la shaba lililozama kwenye udongo wenye unyevu, la sivyo inamrusha fundi wake. Kilikuwa kiangazi na boma zima lilikuwa limekauka, isipokuwa sehemu moja migombani nyuma ya jiko, ambapo mama yake, Zipora, alimwaga maji ya vyombo kila asubuhi. Gideoni aliligongea bomba hapo siku ambayo mama yake alikuwa kanisani. Liliingia kwa urahisi, na yeye akafurahi.

Basi taa ilipowaka yenyewe hakushtuka. Amplifaya zina tabia ya kujiimbia zisipowekwa sawa, na dawa yake ni kuzungusha kondensa ndogo, kidude cha kurekebishia mawimbi, hadi zinyamaze. Akazungusha. Taa haikunyamaza. Ndipo akaona kwamba haiwaki ovyo: ina mwako mfupi na mwako mrefu, nukta na vistari, zile alama za herufi zinazopigwa kwenye simu za jeshi. Akaanza kuzisoma herufi kwa sauti bila kufikiri, kama mtu anavyosoma kibao cha dukani, na zilipokwisha alikuwa ametamka jina.

"Yudith."

"Abee, shemeji. Umeniita?"

Yudith alikuwa amesimama mlangoni na mzigo wa kuni. Alikuwa mke wa Eliamini, kaka yake Gideoni, aliyekwenda Burma kupiga simu za jeshi na asirudi. Jeshi lilileta kisanduku chenye Biblia, sahani ya bati na kitana, pamoja na habari kwamba amezikwa hukohuko, mahali ambapo hakuna aliyejua kupataja. Ibada ilifanyika na watu wakarudi mashambani mwao. Lakini wazee wa ukoo walipomwambia Yudith achukuliwe na shemeji yake, na Gideoni mwenyewe alipomuuliza mara moja kwa aibu, jibu lake lilikuwa lilelile: "Nionyesheni kaburi kwanza." Zipora alikuwepo kila alipolisema hilo, na kila mara aliinuka akaenda kutazama chungu jikoni.

Gideoni alikuwa anaitazama taa. Kila mpiga simu ana mkono wake, na anayemfahamu huujua kama unavyoijua sauti ya mtu gizani. Eliamini alikuwa na haraka kwenye nukta na uvivu kwenye vistari, hata wakufunzi walimcheka. Aliyekuwa analiandika jina la Yudith kwenye taa ile alikuwa na haraka kwenye nukta na uvivu kwenye vistari.

"Ni yeye?" Yudith aliuliza kwa sauti ya chini. Alikuwa ameuona uso wa shemeji yake, na taa aliyokuwa anaisoma. "Niambie tu. Ni yeye?"

Kosa la Gideoni lilikuwa kuitikia kwa kichwa.

Tangu asubuhi ile Yudith hakwenda tena shambani. Ndiva ikifunguliwa anakuja, anakaa kwenye kigoda mbele ya taa, na Gideoni anamsomea. Taa ilisema habari za nyumbani. Ilimtaja ng'ombe aliyezaa mapacha, paa lililoezuliwa na upepo, homa ya Yudith ya mwaka ule na mtoto aliyezaliwa mfu wakati baba yake yuko vitani, na kila ilichokitaja kilikuwa kweli. Zipora alisimama mlangoni, akiwa amejiziba mdomo kwa kanga, akilia kwa furaha, maana mwanawe alikuwa anajua yote.

Kisha ikaja harufu. Ilikuwa ya blanketi la jeshi lililooza kwa mvua, pamoja na ule uchungu wa vidonge vya malaria walivyogawiwa askari, na ilitoka kwenye nguo za Yudith, na kwenye nywele zake, na hatimaye kwenye pumzi yake. Aliacha kula. Mwinjilisti aliitwa akaomba, na taa ikatulia kwa adabu mpaka alipokunywa chai yake na kuondoka. Mikono ya Yudith ikawa ya baridi mchana kweupe, jua likiwa limesimama juu ya migomba, na vidole vyake vikaanza kugonga kigoda, haraka kwenye nukta na uvivu kwenye vistari, ingawa hakuna mtu aliyewahi kumfundisha, na siku Gideoni alipotaka kukomesha mambo yale akazima mashine katikati ya neno, maji ya ndiva yangali yanatiririka, Yudith alianguka palepale alipoketi, midomo imempauka, pumzi imekuwa nyembamba kiasi cha kutoonekana kifuani, na hakuvuta hewa vizuri mpaka shemeji yake, huku akimwita Mungu, alipowasha tena na taa ikaendelea na neno lake palepale ilipoliachia.

Hapo ndipo Gideoni aliposhuka Same kwa siri kumtafuta Bibi Mwanaasha, mzee wa Kiislamu aliyekaa karibu na stesheni na kusifika kwa mambo ya majini na mapepo. Zipora alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani. Alimpokea mgeni huyo kwa uso uliofungwa.

"Shikamoo, bibi," alisema hata hivyo.

"Marahaba, mwanangu. Usiogope, sitakaa sana."

Mwanaasha hakuanza na ubani. Alimwangalia Yudith, akanusa nywele zake, kisha akaufuata waya kwa kidole, kutoka kwenye mashine, ukutani, dirishani, mpaka migombani ulikoishia kwenye bomba. Akachota udongo akaunusa.

"Hapa mnamwaga nini?"

"Maji ya vyombo," Zipora alisema.

"Maji ya vyombo hayanuki maziwa."

Gideoni alimtazama mama yake akaona amezeeka ghafla. Mwanaasha akamngoja bila kumhimiza, na mwishowe mama yule akaketi chini kwenye majani makavu ya migomba akasema, kwa sauti ambayo mwanawe ilibidi ainame kuisikia, kwamba alikichukua kile kitana kilichotoka vitani, kilikuwa bado na nywele mbili tatu za Eliamini, akakizika hapa. Wazee wa zamani walifanya hivyo kwa aliyefia mbali. Kanisa halikutaka kusikia, na yeye ndiye aliyekuwa anawakataza wenzake. Kwa hiyo alimwaga maziwa kila asubuhi, akamwaga maji ya vyombo juu yake, na akamsimulia mwanawe habari zote za nyumbani.

"Ng'ombe aliyezaa mapacha," Gideoni alisema.

"Ndiyo."

"Na homa ya Yudith."

"Kila kitu, baba. Ningemwambia nani mwingine?"

"Na mimi nililigongea bomba kichwani mwake," Gideoni alisema.

Mwanaasha akatikisa kichwa. "Sikilizeni. Mlichimba shimo mkamwita mtu, na mtu hamkumweka. Aliyekuja kukaa humo huenda ni mpangaji tu. Miaka yote umemlisha maziwa na jina na habari, na sasa huyu kijana amempa nguvu ya kumfikia mke. Ama ni mwanao kweli, sijui. Muulizeni jambo ambalo wewe mama hukulisema hapa. Akijibu ni mwenyewe, nami nitatafuta namna ya kumlaza polepole. Asipojibu, umkane, tuling'oe bomba na kitana tukichome. Lakini upesi, mkwe wako hana siku nyingi."

Gideoni alikuwa na jambo moja. Siku walipoagana kambini Nairobi, Eliamini alimnong'oneza jina alilomchagulia mtoto kama angekuwa wa kike, akamkataza kulitaja kabla hajazaliwa. Mtoto alipozaliwa mfu, Gideoni alilifungia jina hilo moyoni asimwongezee Yudith uchungu. Hakuna mwingine aliyelijua.

Akaunganisha kibonyezo. Akaandika: kaka, mtoto ulitaka aitwe nani?

Taa iliwaka na kuzima kwa maneno yake, kisha ikabaki giza. Walingoja. Yudith alikuwa amelala kwenye mkeka, vidole vimetulia. Nje maji ya ndiva yalikuwa yanapungua, gurudumu limeanza kukwama, na taa haikusema kitu.

"Hajui," Mwanaasha alisema taratibu.

Zipora aliinuka bila kushikwa mkono. Gideoni alimsikia kupitia dirishani, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo. "Wewe si mwanangu. Mwanangu hayupo hapa. Maziwa yangu umekunywa, na jina lake nalichukua. Ondoka." Alilisema mara ya pili kwa Kipare, na hapo ndipo sauti ilipokatika. Gideoni alitoka wakaling'oa bomba yeye na Mwanaasha, na Zipora akafukua kwa mikono yake mwenyewe, akakitoa kitana, akakiweka juu ya mkaa wenye ubani. Nywele zikanuka, kisha zikaisha.

Gideoni alirudi ndani na kumkuta Yudith ameketi. Mashavu yalikuwa na damu. Ile harufu ilikuwa imetoweka, chumba kinanuka vumbi na waya za moto tu.

"Shemeji," alisema, "nina njaa. Kuna uji?"

Gideoni akamimina uji kwenye kikombe akampa, huku machozi yanamtiririka, naye hakujali kuyafuta. Yudith akanywa. Akanywa tena.

Ndipo taa ikawaka.

Nukta moja. E. Gurudumu lilikuwa linakaribia kusimama na mwanga ulikuwa hafifu, mwekundu, lakini mkono ulikuwa uleule. R. Kisha N. Gideoni alisimama akiisoma kimoyomoyo hadi mwisho, polepole, kama inaandikwa na mtu aliyeamshwa kutoka mbali sana na kutembea njia yote kuja kujibu: Ernesta.

Kikombe cha Yudith kilikuwa kimesimama kabla ya kufika mdomoni. Kidole chake kimoja kilianza kugonga ubavu wa kikombe.

Taa ilipumzika kidogo, ikaanza neno jingine. Kistari, kistari, nukta. Hiyo ni G. Alikuwa anaitwa yeye, na kaka yake alikuwa na jambo la kumwambia. Gideoni aliushika mpini wa swichi. Alimtaka kaka yake kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na alimtaka Yudith pia, na hakupata nafasi ya kujiuliza ni lipi kati ya hayo lililokuwa linausukuma mkono wake. Alizima. Akakata waya zote kwa koleo, akazivunja moja moja taa ndogo za kioo za ndani ya mashine, na Yudith akamalizia uji wake akiuliza kwa nini anaharibu mali ya watu.

Zipora aliingia, majivu yakiwa kwenye vidole. Alitazama mashine, kisha mwanawe.

"Ilijibu?"

"Hapana, mama," Gideoni alisema. "Haikujibu."

"Basi sikukosea," mama yake alisema, akakaa kwenye kigoda na kumshukuru Mungu.